Mwaka wa Bela Zisizo na Kichwa

Mjane wa Fundi Mutiso alinikabidhi kifurushi siku ya tatu ya matanga, nyumbani kwao Malindi, watu walipokuwa wamekwisha kula na masufuria yanasuguliwa uani. Kilikuwa kimefungwa kwa leso kuukuu, naye alikishika kwa mikono miwili kutoka chini, kama mtu anayebeba chungu cha mchuzi wa moto. Kwa namna alivyokishika nilijua ni sanamu, na kwa uzito wake nilijua ni sanamu gani kabla sijagusa fundo. "Alisema ni yako," akaniambia. "Amesema tangu zamani, lakini wewe ukija hapa mnazungumza mbao mpaka anasahau." Nilicheka, na yeye akacheka, na wanawake waliokuwa jikoni wakageuka kututazama, maana hakuna anayetarajia kusikia kicheko siku ya tatu. Nilirudi Kilifi na kifurushi mapajani, na njia nzima moyo ulinidunda kama wa msichana anayekwenda kuchukua matokeo ya mtihani. Mimi ni mtu mzima sasa, nina wajukuu wawili. Lakini mwaka ule ukinijia haunijii kama kumbukumbu ya mtu mzima. Hunijia na harufu yake ya mbao mbichi na polishi, na miguu yangu hutaka kukaa chini.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili nilipotoka Kaloleni na begi moja nikaanza kazi kwenye karakana ya uchongaji Malindi. Ngoja nieleze kazi yenyewe, kwa sababu usipoijua kazi hutaelewa tulichokifanya. Kulikuwa na banda refu la makuti, na ndani yake wanaume wapatao arobaini, wengi wao Wakamba waliofundishwa na baba na wajomba zao. Mchongaji huketi chini juu ya vibanzi, miguu ameitanua mbele yake, gogo amelibana kwa nyayo mbili, na tezo, kishoka chake cha kuchongea, hushuka hapo katikati, karibu na vidole vya miguu kiasi cha kumtisha mgeni. Nyayo zake ndizo jiliwa lake la kubania. Ng'ambo ya ua, chini ya kibanda cha bati, tulikaa sisi wanawake, wapiga msasa. Sanamu ilitufikia ikiwa na makovu ya tezo mwili mzima. Tuliisugua kwa msasa mkali, kisha msasa laini, kisha nta, na zile zilizotakiwa zionekane kama mpingo tulizipaka polishi nyeusi ya viatu. Chini ya kila sanamu mchongaji alikata namba yake kwa ncha ya patasi. Mpiga msasa hakuwa na namba. Nilipouliza kwa nini hakuna mwanamke anayechonga, watu watatu walinijibu kwa pamoja, kwa wepesi wa jibu lililozoeleka: mwanamke hawezi kukaa vile.

Mimi nilitaka kukaa vile. Sijui kulieleza zaidi ya hapo. Wiki ya kwanza nilisikia tezo arobaini zikishuka kila moja kwa mwendo wake, nikaona uso wa swala ukitoka kwenye gogo ambalo asubuhi lilikuwa kuni, na nikajua kwamba msasa hautanitosha. Fundi Mutiso alikuwa mchongaji niliyepokea kazi zake. Alikuwa mtu mpole, hasemi sana, na alikuwa na tabia ya kuinusa mbao kabla ya kuikata. Siku moja, wenzake walipokwenda kula, nilimwendea.

"Fundi, nipe nijaribu."

"Ujaribu nini?"

"Hilo unalofanya."

Alitazama huku na huku, akanitupia kipande cha mwarobaini. Tangu siku hiyo, kila saa ya chakula, alinifundisha: namna ya kusoma mishipa ya mbao, namna ya kuiacha tezo ifanye kazi kwa uzito wake, mahali pa kuanzia pua. Nilikaa nimekunja miguu upande kama tunavyokaa mkekani, na gogo likawa linanikimbia kila pigo la tatu. Aliona. Alifungua mdomo, akaufunga, akaniletea kipande kidogo zaidi. Ilinichukua miezi kung'amua kwamba alikuwa akinifundisha kila kitu isipokuwa kukaa. Angemwambiaje binti wa watu atanue miguu? Haya zilimzuia, na mimi haya zilinizuia kuuliza, na gogo likaendelea kukimbia.

Nilipanga chumba mtaa wa Shella pamoja na Mwikali, mpiga msasa mwenzangu, msichana wa Kikamba mwenye mdomo usiojua kupumzika. Kitanda kilikuwa kimoja, dirisha moja lenye wavu uliotoboka, na ukutani tulitundika nguo zetu kwa misumari aliyoipigilia mpangaji aliyetutangulia, mrefu kuliko sisi, kwa hiyo kila asubuhi tulirukia nguo zetu. Mwenye nyumba alikuwa Bi Zena, mjane wa makamo aliyepika mahamri ya kuuza. Yale yaliyopasuka wakati wa kukaanga hayakuuzwa, yalikuwa yetu, na Mwikali aliamini kwamba Bi Zena aliyapasua kusudi. Jumapili alipika mbaazi za nazi nzito na kutuita uani. "Njooni mle, wanangu, mbaazi zikipoa zina lawama." Tulikula tukimsikia akisemezana na jirani juu ya ukuta kuhusu nani kaposwa na nani kaachwa, na Mwikali akinong'ona tafsiri yake ya kila jambo mpaka nikapaliwa.

Msimu wa wageni ulipoanza, hoteli ziliagiza kitu kipya: viwiliwili vya wanawake. Kifua, kiuno, nyonga, na mapaja yaliyokatwa juu ya magoti. Hakuna mikono, hakuna kichwa. Kwa kuwa wateja wengi walikuwa Waitaliano, wachongaji waliziita bela, yaani mrembo kwa lugha ya wateja hao, na ndani ya mwezi mmoja twiga na vifaru walisogezwa rafu za nyuma, bela zikapangwa mbele, karibu na dirisha la duka. Hapo nikueleze jambo ambalo mpiga msasa pekee hulijua. Sanamu ikikaa dukani hushikwashikwa, na jasho la mikono huacha doa jeusi kwenye mbao. Kila Ijumaa zilizochafuka zilirudishwa kwetu tuzisafishe. Twiga huwa na doa shingoni. Kiboko huwa na doa mgongoni. Bela zilikuja na madoa mawili kifuani na mawili nyuma, zote, kama zimepigwa muhuri mmoja. Mabegani zilikuwa safi. Mgongoni, ambako fundi alitumia siku nzima kuupata ule mfereji wa uti wa mgongo, zilikuwa safi. Tulizisugua bila kulizungumza. Ila Hawe Sidi, mkubwa wetu (hawe kwa Kigiriama ni bibi, na wote tulimwita hivyo), alikuwa na neno lake kila Ijumaa, akinyoosha mkono kupokea bela: "Mleteni nimwoshe huyu, wamemchosha."

Ijumaa moja Mwikali aliipakata bela ya Fundi Mutiso, akaigeuza, akaigeuza tena, kisha akanitazama bila mzaha, jambo lililonitia wasiwasi.

"Kadzo, hebu simama."

"Kwa nini?"

"Simama tu. Geuka. Haya, kaa." Akanipa ile sanamu. "Huyu ni wewe."

Utoto wangu wote nilibeba madumu ya maji kwa mkono wa kushoto, na bega langu la kushoto liko chini kuliko la kulia. Bega la bela lilikuwa chini. Kulikuwa na bonde dogo chini ya mfupa wa bega, na mimi ninalo. Niliwahi kulisikia likitajwa na dada yangu aliponisugua mgongo. Sikuwa nimewahi kujiona kutoka nyuma. Niseme kweli: kwa pumzi moja nilifurahi, kwa sababu ilikuwa kazi nzuri, nzuri kupita zote alizowahi kuchonga. Kisha kidole gumba changu kikafika kifuani, kikalikuta doa, na doa lilikuwa limeshaiva.

Nilivuka ua nayo. "Fundi, shikamoo."

"Marahaba."

"Hili bega ni la nani?"

Aliweka tezo chini. Wachongaji waliokuwa karibu walipunguza mapigo ili wasikie. "Mkono huchonga kile ulichozoea kukiona," akasema polepole.

"Hukuniuliza."

"Ningekuulizaje, Kadzo? Ningeanzia wapi?"

"Na kichwa changu kiko wapi?"

"Bela hazina kichwa. Wateja hawakitaki." Akatazama vibanzi. "Kichwa kinawatazama."

Nilimwomba jambo moja tu, aitoe dukani. Akasema imeshaandikishwa kwenye daftari la duka, atazungumza na mwenyekiti wa karakana. Hakuzungumza wiki ile, wala iliyofuata. Saa za chakula niliacha kwenda kujifunza. Na kila Ijumaa nililetewa mwili wangu mwenyewe niusafishe vidole vya watu nisiowajua, ili Jumamosi ushikwe upya.

Jumapili moja Hawe Sidi alikuja Shella kula mbaazi nasi. Mwikali alikuwa amemweleza kila kitu. Bibi alikula kwanza, akalamba vidole, ndipo akafungua fundo la leso yake na kutoa kadi ya posta iliyochakaa kona zote. Palikuwa na msichana wa Kigiriama amevaa hando, ile sketi fupi nene ya marinda waliyovaa zamani, kifua wazi, mtungi kichwani. Chini yake pameandikwa msichana wa pwani. "Ni mimi," akasema. "Nilikuwa naenda kisimani. Wanaume wa kwetu nilipishana nao njiani, hakuna aliyenitazama mara mbili. Hivi vifua vilikuwa vya watoto kunyonya. Mwenye kamera ndiye aliyeviona. Nimezikuta madukani kadi hizi miaka mingi, na jina langu halimo hata moja."

Bi Zena aliishika kadi kwa ncha za vidole. "Wala usidhani ni nguo, mwenzangu. Mimi buibui nimevaa tangu nivunje ungo, na mpaka leo nikipita sokoni nayahisi macho mgongoni."

Nilisikia mafuta ya mahamri yakitulia karaini. Mimi ndiye niliyesema, nami nilikuwa sijajua kama nitasema: "Tusizisafishe." Wakanigeukia. "Wiki hii tuyaache madoa. Au tuyaongeze. Wao hawajui wanashika wapi, sisi ndio tunaojua, sisi tunafuta. Tuwaonyeshe mikono yao." Maneno yalikuja kwa kasi na Mwikali akayadaka kabla hayajaanguka. Alisema tutasimama sisi wenyewe rafuni. Hawe Sidi akasema yeye ana vichwa vya kutosha kuwatazama wateja wote. Bi Zena aliingia ndani, akatoka na jora la bafta nyeupe. "Hii nimejiwekea kwa safari yangu ya mwisho," akasema, "lakini leo siendi popote. Kateni." Tulicheka mpaka jirani akachungulia ukutani. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile, furaha ya mtu anayeshika mkasi akijua kwamba Jumatatu huenda hana kazi. Sote watatu tulilijua hilo. Bi Zena alilijua pia, maana alisema kodi ni jambo la kuzungumzwa.

Jumamosi, magari ya hoteli yaliposhusha wageni, waliingia dukani wakatukuta. Mwikali, Hawe Sidi na mpiga msasa wa nne wa kibanda chetu, Mama Pendo, walisimama kwenye rafu za mbele katikati ya bela, wamevaa bafta kutoka shingoni hadi miguuni. Juu ya bafta tulikuwa tumepiga viganja vya polishi nyeusi, viwili kifuani na viwili nyuma, pale pale penye madoa. Walitazama tu. Bela hatukuzisafisha, madoa yake tuliyapaka polishi mbichi, ambayo haijakauka. Na mimi nilikuwa sakafuni katikati ya duka, nimevaa suruali pana aliyonishonea Bi Zena kwa ile ile bafta, miguu nimeitanua mbele, gogo la mwarobaini kati ya nyayo zangu, tezo mkononi. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimekaa vile. Pigo la kwanza lilikosa gogo kabisa.

Wageni walicheka kwanza, wakapiga picha. Walidhani ni ngoma, wakasubiri ianze. Mzee mmoja aliyevaa suruali nyeupe akaokota bela, akaishika kama zinavyoshikwa. Akaona kiganja chake cheusi. Akaitazama bela, akamtazama Mwikali kifuani, kwenye kiganja cha polishi kilicholingana na chake kidole kwa kidole, kisha akauinua uso na kukuta macho ya Mwikali yanamsubiri. Akaficha mkono mfukoni, suruali ile nyeupe. Mkewe aliutoa mkono mfukoni, akauinua kwenye mwanga wa dirisha, akaukagua kama anayekagua samaki. Baada yao wengine waliingia, na wengine, na waliotoka walitoka na vidole vyeusi, wakioneshana mlangoni. Msichana mmoja pekee aliinua bela kwa kuishika chini, kwenye kitako inachosimamia, akatoka na mikono safi. Kabla ya kutoka alisimama mbele ya Hawe Sidi muda mrefu, akainamisha kichwa. Hawe Sidi naye akainamisha chake, kwa adabu, kama watu wanaoamkiana barazani.

Mwenyekiti alifika na shati lake lililopigwa pasi. "Nani amewaruhusu? Hii ni mali ya karakana." Akaanza kuziondoa bela mwenyewe, mbili mbili, amezikumbatia, halafu akajifuta jasho la uso. Hapo Hawe Sidi, aliyekuwa amesimama kimya saa nzima kama mti, alishindwa. Alicheka kicheko cha kike cha kule kwetu, cha juu, kinachopanda ngazi, na Mama Pendo akamfuata, na wageni wakafuata bila kujua kinachosemwa. Mwenyekiti alijiona kwenye kioo cha dirisha. "Tokeni," akasema. "Nyote wanne. Jumatatu nisiwaone."

Mlangoni walikuwa wamejaa wachongaji. Sikutoka. Nilipiga tezo, gogo likanikimbia, nikalirudisha kwa kisigino, nikapiga tena. Nilijua kwamba nikisimama sitakaa tena. Ndipo Fundi Mutiso akapenya, vibanzi bado vimemganda magotini. Alikwenda moja kwa moja kwenye rafu ya mbele, akaiinua ile bela yenye bega la chini. Aliishika kwa kitako, kwa mikono miwili.

"Hii haiuzwi," akasema.

"Imeandikishwa, Mutiso."

"Ifuteni daftarini. Mwenye bega sikumwuliza."

Akaiweka sakafuni karibu nami, akachutama. Nilidhani ataniomba msamaha, na sikujua ningeupokeaje mbele ya watu wale wote. Lakini alilitazama gogo langu, akaitazama miguu yangu, na kwa sauti ya kawaida ya mwalimu, wachongaji arobaini wakisikia, akasema: "Unakaa vibaya. Tanua zaidi. Kisigino cha kushoto kisiwe ubavuni, kiweke juu ya gogo. Zaidi. Haya, bana. Sasa piga."

Nilipiga. Kibanzi kipana kama kiganja kiliruka, kikaangukia kiatu cha mwenyekiti. Gogo halikusogea.

Mtaniuliza kama dunia ilibadilika. Bela ziliendelea kuuzwa, nami siwezi kuwadanganya. Jumatatu tulikwenda kazini tukiwa tumejiandaa kufukuzwa, tukakuta sanamu za wiki nzima zimerundikwa kibandani hazijaguswa na hoteli zinapiga simu, na mwenyekiti akapita akitazama juu ya vichwa vyetu. Ubao ulitundikwa dukani: tafadhali shika chini. Mimi nilihamia banda refu, kando ya Fundi Mutiso. Wachongaji wawili walihamisha magogo yao mbali nami. Wa tatu, ambaye hatukuwa tumesalimiana hata mara moja, aliniletea patasi ya marehemu mjomba wake na kuondoka bila maelezo. Mwisho wa mwaka nilipewa namba. Kazi ya kwanza niliyoikata namba hiyo ilikuwa kichwa, kichwa kitupu, cha Hawe Sidi. Nilimwuliza kwanza kama anaruhusu. Alijipapasa uso akafikiri, kisha akasema nimpunguzie pua, nikakataa, tukabishana juu ya pua hiyo mpaka alipofariki.

Sasa nina karakana yangu hapa Kilifi, na wasichana wanne wanaojifunza. Siku ya kwanza kabisa huwa siwapi tezo. Nawafundisha kukaa. Nawaambia wasiwe na haraka, gogo litawakimbia mwanzoni, hilo ni jambo la kawaida, nami nipo. Niliporudi kutoka matangani niliwakuta wanafagia. Niliketi chini katikati yao nikafungua leso. Miaka yote ile hakuwa ameisugua. Madoa yalikuwa pale pale, manne, meusi, na polishi yetu imekauka juu yake. Kwa mazoea ya kazi niliigeuza kutazama namba. Hapakuwa na namba. Palikuwa na shimo pana lililochimbwa kwa patasi, kwa uangalifu, mpaka tarakimu ya mwisho ikaisha.

Wasichana walikuwa wamenizunguka. Mdogo wao, Furaha, alichutama, akaipokea kwa kitako kama nilivyomfundisha, akaizungusha kwenye mwanga.

"Kazi ya nani hii, mama?"

"Ilikuwa ya mtu. Aliiacha."

"Mbona haina kichwa?"

Wenzake wakamtazama, kisha wakanitazama bega.

"Kichwa ninacho mimi," nikamwambia. "Haya, kaeni chini. Tanueni miguu. Leo tunaanza pua."